Spika Tatu kwa Bi Mwanaisha

Vijana wa dukani mliniomba, kabla sijakabidhi funguo, niwaandikie ukurasa mmoja juu ya namna ya kuchagua spika za sebule ndogo. Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani, chai naletewa mezani badala ya kuinywa nimesimama, na ukurasa mmoja umekataa kutosha. Nyinyi mnauza spika zisizo na waya, zinazokaa kwenye kiganja. Sisi tuliuza masanduku ya mbao yaliyobebwa na watu wawili. Lakini sebule za Changamwe na Kisauni hazijapanuka tangu wakati huo, kwa hiyo huenda mkapata humu cha kuwafaa.

Nilizaliwa Changamwe. Baba yangu alikuwa Mtaita aliyeletwa pwani na kazi ya reli. Niliingia dukani mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na cheti cha umeme na mikono isiyojua kitu. Mbele palikuwa na redio na televisheni zilizopangwa kwenye rafu, nyuma karakana yenye meza mbili. Meza moja ilikuwa ya Mzee Mwachiro, Mdigo wa Likoni, ambaye kila asubuhi alivuka feri akiwa na kikapu cha makuti, vifaa vyake vya kazi upande mmoja na mkate wa mofa upande wa pili. Hakuwahi kuacha bisibisi dukani usiku kucha. Alisema bisibisi ikilala na watu wengi huzoea mikono ya watu wengi.

Siku ya kwanza hakunipa ufagio kama nilivyotarajia. Alinipa spika mbili zilizotolewa kwenye masanduku, waya kidogo na betri moja ndogo ya tochi.

"Moja imefungwa kinyume," akaniambia. "Nitafutie."

Niliziweka sikioni, nikazigonga kwa kidole, nikazinusa hata. Mzee alimaliza mkate wake ananitazama. Mwishowe alichukua betri, akagusisha nyaya kwenye spika ya kwanza, na ile karatasi ya katikati ikasogea mbele kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Akagusisha ya pili vilevile, nayo ikarudi nyuma.

"Hii inasukuma, hii inavuta," akasema. "Ukiziweka pamoja zinapigana, na besi yote inapotea. Mteja atakuja kukwambia spika ni mbovu. Si mbovu. Zimekosana tu."

Betri hiyo nimeitumia miaka yote. Nimewaachia moja kwenye droo ya kushoto.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya mwezi huohuo. Alikuja mfanyakazi wa kiwandani, mkazi wa Mikindani, akataka spika za sebule. Nilimuuzia zile kubwa kuliko zote, za inchi kumi na mbili, kwa sababu zilinivutia mimi. Mzee Mwachiro alikuwa ameenda kuswali. Aliporudi akaona pengo kwenye rafu.

"Chumba chake kina ukubwa gani?"

Nikasema sikumuuliza.

"Basi Jumamosi utakwenda kukipima. Na chukua mkokoteni kabisa, maana utarudi nazo."

Nilikwenda. Sebule ilikuwa pia chumba cha kulala, imegawanywa kwa pazia. Spika moja ilikuwa imekuwa stuli ya wageni. Juu ya nyingine mke wake alikuwa ameweka jiko la mafuta ya taa, na sufuria ya maharagwe ilikuwa inachemka. Mwenye nyumba alikuwa mtu muungwana.

"Sauti ni nzuri sana, fundi," akasema. "Ila nikiwasha, mlango wa kabati unafunguka wenyewe."

Nilimbadilishia, nikampa ndogo za inchi nane, akafurahi. Tangu hapo nilinunua futi kamba, na tangu hapo sikumuuzia mtu spika kabla sijaiona sebule yake au angalau kuchorewa kwenye karatasi. Nilikuwa nikiingia, kitu cha kwanza ni kupiga makofi mara moja katikati ya chumba. Wenye nyumba walidhani ni desturi za Kitaita. Lakini kofi linakwambia mengi. Ukuta mtupu wa saruji na paa la mabati lisilo na dari hulirudisha kama lilivyo, na hapo ujue maneno yatagongana. Mazulia, mapazia mazito na makochi hulimeza. Madirisha ya vioo vya kupanga hulirudisha likitetemeka. Kabati la vyombo ni adui wa peke yake. Kila nyumba ya pwani ina kabati la vyombo visivyotumika, na kila glasi iliyomo hungojea besi ili ipate kusema. Dawa yake ni ndara za mpira zilizochakaa. Zikate vipande vya ukubwa wa biskuti, weka vinne chini ya kila spika. Nimekata ndara nyingi kuliko fundi viatu.

Chumvi ya hewa yetu nayo si ya kupuuza. Nyaya za shaba zikiachwa wazi huota kutu ya kijani, na mteja husema spika imezeeka. Kata sentimita mbili, futa, funga upya, inakuwa kijana. Na kabla hujafungua sanduku la spika lililokaa Kisauni zaidi ya mwaka, ligonge kwanza. Mijusi pia wanahitaji kupewa nafasi ya kuondoka kwa heshima.

Lakini kitu kikubwa nilichorithi kwa Mzee Mwachiro ni kanda. Wateja wote walipenda kujaribu spika kwa wimbo wenye ngoma nyingi. Yeye aliwaacha wacheze wimbo wao, kisha akaweka kaseti yake ya taarifa ya habari aliyoirekodi redioni. Msomaji alikuwa anasema habari za bei ya korosho.

"Muziki ukiharibika kidogo hutajua," aliniambia. "Neno likiharibika utajua papo hapo."

Wateja walichoka na bei ya korosho, lakini waliondoka na spika zinazosema.

Miaka ya tisini ilileta video kila nyumba, na baada ya video zikaja seti za spika tano, tukaziita sinema ya nyumbani. Mbili za mbele, moja ya katikati, na mbili za kukaa nyuma ya mgongo wako. Mabaharia walizileta kwanza, kisha zikajaa madukani. Mzee mmoja wa Likoni, siku nilipomfungia, alisikia helikopta ya kwenye filamu ikipita nyuma yake, akatoka nje kuitazama. Alirudi akasema imekwenda zake. Watu walizitaka zote tano hata kama sebule yenyewe ilikuwa futi kumi kwa kumi na mbili, ambapo spika za nyuma zingekuwa zinakupulizia kisogoni. Kazi yangu ikawa kuwapunguzia watu spika, jambo lisilopendwa na tajiri wa duka wala na mteja mwenyewe.

Hapo ndipo alipokuja Salim wa Mtopanga. Alikuwa karani bandarini, kijana wa makamo, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akanyoosha kidole kwenye seti kubwa.

"Nataka ile. Zote tano. Ni kwa ajili ya mama, hasikii."

"Hasikii kabisa?"

"Azana anaisikia. Mlango wa friji ukifunguliwa anasikia akiwa uani. Dada yangu tu ndiye hamsikii."

Akanieleza. Dada yake, Rukia, alikuwa ameolewa Uingereza mwaka wa tatu ule. Badala ya barua alikuwa akituma kanda za video alizojirekodi jikoni kwake, akizungumza na mama yake. Mama alizitazama, lakini maneno hayakumfikia. Wengine nyumbani ndio waliomweleza binti yake amesema nini.

Nilimwambia tuione sebule kwanza. Nilikwenda siku ya Jumanne, saa kumi alasiri, na kikapu changu cha vifaa. Ilikuwa nyumba safi, sebule ndogo, makochi matatu yaliyovishwa vitambaa vya kufumwa kwa mkono, kabati la vyombo, na televisheni juu ya stendi ndefu. Fatma, mke wa Salim, alinikaribisha kochini, akaniletea maji ya ukwaju na kaimati. Bi Mwanaisha mwenyewe alisimama kwenye mlango wa ndani, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, leso begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Basi sikiza. Mimi sitaki makelele. Huyu Salim ataka kuniletea kelele za sinema. Mimi nataka nimsikie Rukia kwa masikio yangu mwenyewe."

"Si tunakwambia anachosema, mama," Salim akasema.

"Mwaniambia. Baba yenu alipolazwa pia mliniambia. Kila siku anaendelea vizuri, anaendelea vizuri, mpaka siku mliyomleta kumzika."

Salim alitazama kalamu zake. Mimi nilichukua kaimati nyingine, kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono yangu. Lakini nilikuwa nimeelewa kazi niliyopewa. Mama yule hakuamini kwamba binti yake ni mzima. Aliona mdomo ukisogea, aliona amekonda kidogo, na yaliyobaki aliyapata kwa watu waliokwisha kumficha jambo mara moja.

Nilipiga makofi yangu, nikapima. Nikamwambia Salim spika tano ni upotevu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeshikana na kochi, za nyuma hazikuwa na pa kukaa. Zilizohitajika ni tatu ndogo, mbili pembeni na moja ya katikati, maana hiyo ya katikati ndiyo inayobeba maneno. Spika ya televisheni yenyewe ilikuwa ubavuni, inalisemesha kabati. Salim alisikitika. Mwenzake wa kazini alikuwa nazo tano. Akakubali.

Nilirudi siku iliyofuata nikazifunga. Ya katikati niliiweka juu ya televisheni, nikaielekeza kochini. Ndara nne kila moja. Nikakaa kochini, kanda ya Rukia ikawekwa, na sauti ikaja safi kiasi kwamba nilisikia birika likichemka nyuma yake. Sikutaka kusikiliza ya watu, nikaizima baada ya salamu. Nikanywa ukwaju wa pili, nikaaga. Nilitembea kituoni nikijiona fundi.

Wiki haikwisha, Salim akasimama mbele ya kaunta.

"Bado," akasema. "Na sasa ni mbaya zaidi. Asema hata wewe tumekupa maagizo. Kanda nyingine imekuja juzi. Tumeiweka, ametazama kidogo, akainuka akaenda uani kuchambua mchele. Tulipomwita akasema tumtazamie sisi, si ndio tunaojua kusema vizuri."

Tajiri wa duka, aliyekuwa anasikiliza akijifanya anahesabu risiti, akasema suluhisho ni seti kubwa, na seti kubwa ipo. Salim akanitazama mimi. Nakiri nilisita. Ningeweza kukubali, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilikuwa nimeisikia sauti ile kwa masikio yangu, na haikuwa sauti inayohitaji kuongezewa nguvu.

"Nipe mpaka Jumapili," nikamwambia.

Jumapili nilikwenda bila kutoa habari, baada ya chakula cha mchana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo, pazia limefungwa fundo. Kabla sijapiga hodi niliwaona, na nilisimama pale nje kitambo, nikitazama kama mtu aliyeonyeshwa hesabu aliyokosea.

Makochi yote matatu yalikuwa matupu, vitambaa vimenyooka kama vilivyotoka kupigwa pasi. Watu wote wa nyumba ile walikuwa chini. Mkeka ulikuwa umetandikwa toka ukutani mpaka karibu na televisheni. Salim amejilaza kwa kiwiko, Fatma amenyoosha miguu, watoto wamelala kifudifudi. Bi Mwanaisha alikuwa mwisho kabisa, mgongo ukutani chini ya dirisha, mto kiunoni, kichwa chake chini ya mkono wa kochi. Na ili mkeka upate nafasi, meza ya kioo pamoja na stuli zake vilikuwa vimesukumwa mpaka kwenye stendi, mbele ya spika za pembeni. Spika ya katikati, niliyoielekeza kwa ustadi mkubwa, ilikuwa inawasemea makochi, juu ya vichwa vyao wote.

Nikapiga hodi. Nilichokiona baadaye kilichukua muda mfupi sana. Mkeka ukakunjwa, meza ikarudi katikati, watoto wakatoweka, na mimi nikawa nimeketi kochini na glasi mkononi. Kama ningefumba macho wakati wa kuingia, ningeapa kwamba nyumba ile haina mkeka. Na hivyo ndivyo nilivyowapimia. Niliipima sebule ya mgeni, na mgeni mwenyewe nilikuwa mimi.

"Salim," nikasema, "nataka kukaa pale alipokuwa amekaa mama."

"Pale wapi?"

"Chini."

Alicheka, kisha akaona sicheki. "Fundi, haiwezekani. Majirani wakipita wakikuona umekaa chini, watasema nini juu yangu?"

"Watasema fundi anafanya kazi."

"Basi ngoja nikuletee hata godoro."

"Godoro litaniinua. Nataka mkeka uleule."

Fatma naye akaingia: haifai, mkeka una makombo, ngoja aufagie. Tukavutana hivyo, mimi nikiomba kukaa chini na wao wakinirudisha juu, mpaka Bi Mwanaisha akasema kutoka mlangoni:

"Mwacheni akae. Kwani ametengenezwa kwa sukari?"

Mkeka ukarudi. Nikaomba na meza isukumwe kama kawaida yao, wala wasinionee haya. Nikaegemeza mgongo ukutani chini ya dirisha, nikaweka mto kiunoni, na nikasema waiweke ile kanda ya mwanzo niliyoisikia vizuri. Nilisikia mwanamke anayezungumza ndani ya debe. Maneno yalipita juu yangu, yakagonga ukuta, yakarudi yamevunjika. Sauti ilikuwepo ya kutosha, ila herufi hazikuwepo. Kwa mtu ambaye masikio yake yameanza kuchoka, huo ni mnong'ono.

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Spika ya katikati niliishusha kutoka juu ya televisheni, nikaiweka kwenye rafu ya chini kabisa ya stendi, pua imeinuliwa kidogo kwa vipande viwili vya ndara. Za pembeni nilizisogeza zikatoka nyuma ya meza. Moja nikaileta karibu na ukuta, hatua mbili kutoka kwenye mto wa mama. Besi nikaipunguza mpaka ikakaribia kwisha. Sauti sikuiongeza hata kidogo. Salim, aliyekuwa bado na seti kubwa moyoni, aliuliza kama itatosha. Nikamwambia atakayejibu si mimi.

Huu ndio ushauri wangu mzima, vijana, na mengine yote ni mapambo yake. Mtu hatakwambia kwamba nyumbani kwake hukaa chini. Atakukalisha pazuri kwa sababu amelelewa vyema, na wewe utaipima adabu yake badala ya sebule yake. Uliza wanakaa wapi wewe usipokuwepo, kisha kaa hapo.

Bi Mwanaisha akaja, akaketi mahali pake, akajifunika leso miguuni. Nikataka kutoka, akanizuia. "Kaa, mwanangu. Nataka shahidi asiye wa nyumba hii." Nikaketi pembeni ya mkeka. Salim akashika ile kanda mpya aliyonitajia dukani, akaigeuzageuza.

"Tuanze na ile ya zamani, mama, unaipenda ile."

"Weka hiyo uliyoishika."

Akaiweka. Rukia akatokea jikoni kwake, sweta shingoni, mtoto mapajani.

"Mama, shikamoo," akasema.

"Marahaba," Bi Mwanaisha akajibu, kisha akajiwekea mkono kifuani. Alikuwa hajajibu salamu ile kwenye kanda yoyote iliyotangulia. Fatma aliniambia hivyo baadaye.

"Mimi mzima, wallahi mzima kabisa, na mtoto mzima," Rukia akaendelea. "Baridi ndiyo inatuonea. Nimekonda kwa sababu ya ngazi, nyumba iko ghorofa ya nne na lifti imekufa. Na mama, nakwambia tena, hii ni mara ya tatu. Papa mkavu usinitumie. Nampenda papa, mama, wajua. Lakini jirani wa juu ameshuka mara mbili kuuliza kama kuna kitu kimeoza humu ndani. Mara ya pili alikuja na mwenye nyumba. Salim, mwambie mama, kwani humwambii?"

Hakuna aliyegeuka. Mtoto mmoja alianza kucheka, mama yake akamfinya.

"Salim," Bi Mwanaisha akasema polepole.

"Naam, mama."

"Mara ya tatu?"

"Tulidhani utavunjika moyo, mama. Wewe mwenyewe humchagua papa sokoni, humkausha upya..."

"Nyinyi mliniambia amesema ahsante. Na niongeze pilipili. Nani aliyesema niongeze pilipili?"

Fatma akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi, mama. Niliona jibu ni fupi mno."

Nilitazama mkeka. Nilikuwa nimeleta sauti safi nyumbani kwa watu, na sasa nilikuwa naiona kazi yake. Bi Mwanaisha aliwatazama mmoja mmoja, mwanawe, mkwewe, hata mimi, na nikawa tayari kuambiwa nifungue spika zangu niondoke nazo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ikanichukua muda kuona kwamba anacheka, cheko la ndani lisilotoa sauti, mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Mgonjwa hana nguvu za kuwa mkali hivyo," akasema. "Huyo ni Rukia. Mzima."

Akaurekebisha mto kiunoni, akanyoosha miguu.

"Rudisha nyuma, Salim. Nataka nimsikie tena anavyonigombeza."